Shimo la Katikati ya Baraza

Révérien alikuwa mtu wa makufuli. Geti lake lilikuwa na kufuli mbili, moja ya ndani na moja ya nje, na ya tatu aliitia kwenye bomba la tangi, mtu asije akafungua maji ya bure akanawa uso. Funguo zote alizifunga kwenye mnyororo, mnyororo akaufunga kwenye mkanda, na rundo lenyewe likalala mfuko wa kulia wa suruali. Akipita mtaani Kawajense, hapo Mpanda, watu walimsikia kabla hawajamwona. Mkewe, Providence, alikuwa akisema kwamba yeye ameolewa na askari magereza, ila sare tu ndiyo haijaletwa.

Lakini usimcheke upesi. Alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi Katumba, wazazi wake walipokuwa wamevuka kutoka Burundi na mzigo wa kichwani tu. Alikua akisikia serikali ikiwaambia jengeni. Kisha akasikia msijenge, mnahama. Kisha akasikia jengeni tena. Uraia alipoupata, ile hati aliipeleka ikapigwa leminesheni, akaitia kwenye mkebe wa biskuti, mkebe akaufungia kabatini. Mtu aliyeishi hivyo ukimwambia kitu fulani ni cha wote, anashika mfuko wake kwanza ndipo akusikilize.

Miaka mingi alikoboa mahindi na mpunga wa watu kwa mashine yake kule Kasokola. Sasa alikuwa anajenga. Lilikuwa jengo la ghorofa moja palepale Kawajense, mbele fremu nne za maduka, juu vyumba vya wapangaji, na nyuma, upande wa chini, chumba kimoja ambacho hakikuwa cha mpangaji wala cha duka. Chumba hicho kilikuwa cha mama yake.

Mama yake, bibi Spès, aliishi peke yake Litapunga tangu mumewe afariki. Masika yaliyopita aliteleza nyuma ya jiko akalala pale kwenye tope, mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Révérien alikwenda kumchukua, mama akakataa. Akaenda tena, akakataliwa tena.

"Mji wenu huo kila mtu yuko chumbani kwake kama kuku wa mayai," bibi alisema. "Mtu anakufa upande wa pili wa ukuta nyie mnasikiliza redio."

Aliposumbuliwa sana akatoa neno la mwisho. "Jenga kwanza. Nitakuja kuangalia. Nyumba ikinipokea, nitabaki. Isiponipokea, utanirudisha siku hiyohiyo, na usiniulize tena mpaka nife."

Révérien alimjua mama yake. Neno lake halikuwa na mlango wa nyuma. Kwa hiyo pamoja na hofu zake zote, na alikuwa nazo nyingi, hofu iliyokaa juu ya zote ilikuwa hiyo moja: mama aje, aangalie, ageuke.

Ndiyo maana akatafuta mchora ramani wa kusomea, asiwe fundi wa kuchora kwa kijiti mchangani. Akaelekezwa kwa Jeniffer, binti wa Mzee Anselmo, mkulima wa mpunga wa huko Mpimbwe. Jeniffer alisomea majengo Dar es Salaam akarudi kwao, jambo ambalo peke yake lilimtia Révérien mashaka. Nani anarudi Mpanda akiwa na akili zake? Binti mwenyewe alikuwa mwembamba, mcheshi, anavaa raba, tepu ya kupimia inaning'inia kiunoni, na alikuwa na tabia mbaya kuliko zote machoni pa Révérien: aliuliza maswali.

Aliwauliza mama ntilie wa jirani wanaosha vyombo wapi. Alimuuliza Cletus, kinyozi aliyekwisha kulipia fremu ya kwanza, mchana huwa anakula wapi na mikono ananawia wapi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye uwanja mtupu, asubuhi yote, anaangalia kivuli kinavyotembea. Révérien alimtazama kutoka ng'ambo ya barabara. Mtu anayeangalia kiwanja cha mwenzake muda wote huo, alijiambia, anakitafutia nini?

Ramani ilipokuja ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani. Nyuma ya fremu, palepale ambapo mtu mwenye akili angeweka stoo, palikuwa peupe. Jeniffer alikuwa amepaandika BARAZA. Upande mmoja palifunguka kwenye jiko la pamoja, upande mwingine pa kufulia na kuanika, na mbele palitazama uani na getini. Mlango wa chumba cha mama ulifungukia hapohapo.

"Binti, hapa umepoteza nafasi," Révérien alisema.

"Sijapoteza, mzee. Hapo ndipo nyumba yenyewe ilipo." Jeniffer alipitisha kidole juu ya karatasi. "Watu wa maduka watapita hapa kunawa na kula. Wa juu watashuka hapa kupika na kufua. Bibi akitoka chumbani tu, yuko katikati yao. Anaona nani anapika nini, nani ameingia getini. Akiteleza, kuna macho kumi. Vyumba ni vya kulala tu, mzee. Watu wanaishi pale wanapokutana."

"Wakikutana watasema nini?"

"Nani?"

"Wapangaji. Wakikaa pamoja, watamsema nani kama si mwenye nyumba?"

Jeniffer alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani.

Lakini kilichomkaa rohoni Révérien hakikuwa baraza. Katikati ya lile baraza, benchi la saruji likiwa limezunguka pande zote, palikuwa na kiduara kidogo kama mdomo wa ndoo. Hakikuwa na maandishi. Kila kitu kwenye ile karatasi kilikuwa na jina lake, hata mfereji wa maji machafu, ila hicho.

"Hiki nini?"

Binti aliinamisha macho, akatabasamu. "Ni kishimo kidogo tu, mzee. Utakielewa siku ya kuhamia."

Hebu fikiria. Mtu anayefunga bomba la maji kwa kufuli unamwambia utaelewa siku ya kuhamia. Tangu siku hiyo Révérien hakuiangalia ramani akaona kitu kingine. Aliangalia kile kiduara, nacho kikamwangalia.

Alimpelekea Leodgar, fundi mkuu, Mfipa wa Sumbawanga, mtu wa maneno machache na soda nyingi. Leodgar aliigeuza karatasi huku na huku. "Maji hayapiti hapa, bosi. Bomba halipo. Nguzo haipo. Wiring haipo." Akainua mabega. "Sisi Wafipa ndio mnatusema kwa mambo ya gizagiza. Basi mimi Mfipa mzima nakwambia, shimo hili silijui."

Alisema kwa mzaha. Révérien alilichukua lile neno akaenda nalo nyumbani, akalala nalo.

"Labda ni la kusimamishia mwamvuli," Providence alisema.

"Ndani ya nyumba?"

"Muulize binti basi."

"Nimemuuliza. Amecheka."

"Mtu kucheka ni kosa?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Révérien alisema. Methali hiyo aliipenda kuliko zote. Providence akageukia ukutani. Miaka yote ya ndoa aliisikia hiyo methali, na ilikuwa haijawahi kumletea hata kipande cha nguo.

Msingi ulipandishwa, kuta zikainuka, na Leodgar akatengeneza kile kishimo kwenye sakafu kama kilivyochorwa: cha mviringo, chini kimebonyea kama kiganja. Cletus akaanza kunyoa watu kwenye fremu yake hata kabla ya rangi kukauka. Siku moja, akiwa na wembe mkononi na kichwa cha mteja mbele yake, alimwita Révérien aliyekuwa akipita.

"Bosi, hivi ukisafiri, hizo funguo unamwachia nani? Mambo ya moto haya, maji yakikatika..."

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, bosi."

Hakuna mtu anayeuliza tu. Révérien alizishika funguo kupitia kitambaa cha suruali, akaenda zake. Jioni alijikuta anahesabu watu wanaouliza: kinyozi anaulizia funguo, binti anaulizia watu wanapokaa. Akaanza kuwaunganisha kama mtu anavyounga kamba.

Kisha Jeniffer akaleta mchoro wa vyumba vya ndani, maana Révérien na mkewe nao wangehamia hapo. "Kitanda chako nimekiweka kiangalie mlango, mgongo ukutani," alisema. "Si ndivyo unavyolala, mzee? Tangu utotoni?"

Hilo alilijua Providence tu, naye baadaye aliapa hajamwambia mtu. "Nani amekwambia?"

"Aa, mzee. Mchora ramani lazima amjue mtu wake."

Siku chache baadaye, akiwa mashineni Kasokola, kijana wa bodaboda alimwambia kwa kupita kwamba amempeleka yule injinia wake Litapunga. Na si mara ya kwanza, mzee. Révérien alizima mashine mahindi ya watu yakiwa bado mdomoni, akapanda pikipiki yake.

Aliiacha njiani, akaingia kwa miguu shambani kwa mama yake mwenyewe kama mwizi. Mahindi yalikuwa yamekomaa, marefu, akasimama katikati yake. Kutoka pale aliona upande wa nyumba, na kando ya nyumba kaburi la baba yake lenye msalaba wa saruji. Jeniffer alikuwa amechuchumaa karibu na lile kaburi, mgongo umemwelekea yeye. Alikuwa ameshika tepu. Alipima chini, akaandika kiganjani, akapima tena. Mama yake alisimama kando yake ameegemea fimbo, na alikuwa anacheka.

Mahali pengine mtu angetoka kwenye mahindi akasema hodi. Révérien hakutoka. Kichwa kilikuwa kinakimbia peke yake. Anapima kaburi la baba yangu. Anapima kaburi, na nyumbani kwangu ameacha shimo. Mtoto wa Kipimbwe, wenyeji wa nchi hii tangu mababu, na sisi ni wa juzi, hata hati iwe na leminesheni. Nani ajuaye wanataka kuzika nini chini ya sakafu yangu ili siku moja niamke nisikie msijenge, mnahama? Na mama, mzee wa watu, anachekeshwa tu.

Angeweza kumuuliza mama yake. Wiki ile alikwenda kumpelekea sukari na sabuni, akakaa, akazungukazunguka maneno. Akamuuliza kama kuna mgeni anayekuja kuja. Mama akamtazama kwa jicho la pembeni, akasema wageni ni baraka. Akabadilisha mazungumzo, akaulizia wajukuu. Basi na mama naye anaficha, Révérien alijiambia, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Kesho yake alimwita Jeniffer kwenye jengo, mbele ya Leodgar na vibarua wake.

"Kazi yako imeisha, binti. Chukua vyako."

"Imeisha? Baraza bado halijapigwa rangi, mzee. Mlango wa jiko bado."

"Nimesema imeisha. Na Litapunga usikanyage tena. Nakujua ulikokuwa unakwenda."

Uso wa Jeniffer ulibadilika, ukawa wa mtoto aliyepigwa bila kuambiwa kosa. "Mzee, kama ni habari ya Litapunga, naomba nikueleze. Niliahidi nisiseme, lakini..."

"Ulimwahidi nani? Sitaki." Alinyanyua mkono. "Sitaki kusikia."

Binti akaning'iniza tepu yake kiunoni, akaondoka. Getini alisimama mara moja akaliangalia lile baraza, kisha akapanda bodaboda. Révérien akaifungia namba yake kwenye simu hapohapo, isimpigie.

Kisha akamgeukia Leodgar. "Lile shimo jaza zege. Baraza lote zungushia tofali, weka mlango wa chuma. Liwe stoo."

"Bosi, ukifunga hapo, kinachobaki ni ujia. Mtu na ndoo yake tu. Na chumba cha bibi kitafungukia ukutani."

"Nyumba ya nani hii?"

Leodgar alimaliza soda yake, akawaambia vijana wakoroge saruji.

Ile siku zege lilipoingia shimoni, Révérien alisimama pembeni yake mpaka likasawazishwa. Alipumua. Usiku ule alilala usingizi wa mtoto, mgongo ukutani, uso mlangoni.

Siku ya kuhamia ilikuwa Jumamosi. Walikuja watu wa jumuiya ya kanisani, wapangaji wa juu, wenye fremu, Cletus na shati lake la sherehe. Marumaru yalisuguliwa yakang'aa mpaka ukajiona. Révérien alivaa koti. Alikwenda mwenyewe barabarani kulipokea gari lililomleta mama yake.

Bibi Spès alishuka na fimbo yake na kanga mpya. Hakushuka peke yake. Kwenye kiti cha nyuma, kimefungwa shuka na kukumbatiwa na jirani yake wa Litapunga, kulikuwa na chungu. Révérien alikijua tangu akili zilipomwingia. Kilikuwa chungu kikubwa cha udongo mwekundu, tumbo la mviringo mpaka chini, ambacho bibi alikifinyanga mwenyewe mwaka waliopewa shamba lao la kwanza Katumba. Leo kilikuwa kimejaa impeke, pombe ya mtama kama ya kwao Burundi, na mirija mirefu imefungwa kando. Pombe hiyo hainywewi kwa kikombe. Chungu kinakaa katikati, watu wanakizunguka, kila mtu na mrija wake, na aliyeileta anaonja kwanza, ili mgeni aone kwa macho yake kwamba hakuna sumu.

"Mama, umepika tangu lini?"

"Mwache mama yako na siri zake," bibi alisema, na macho yake yalikuwa yanameta kama ya msichana. "Kibebeni taratibu."

Akatangulia. Hakuna aliyemwelekeza. Alipita pembeni ya fremu, akaupita mlango wa jiko, akahesabu kitu midomoni, akageuka kushoto. Alitembea kama mtu aliyekwisha kuishi humo.

Akafika kwenye ukuta.

Alisimama. Akaugusa kwa kiganja. Plasta ilikuwa bado na unyevu. Akatazama kulia, akatazama mlango wa chuma na kufuli yake, akarudi kuutazama ukuta.

"Hapa ndipo nilipochorewa," alisema polepole. "Alinichorea chini, mchangani, nikapita kwa fimbo. Jiko huku. Geti kule. Mimi hapa. Baraza liko wapi, Reveri?"

Watu walikuwa wamejipanga kwenye ule ujia mmoja nyuma ya mwingine, kama foleni ya dirisha la dawa. Hakuna aliyeona chochote ila kisogo cha mwenzake. Révérien alisikia jasho likimtoka chini ya koti.

"Ni stoo, mama. Kwa usalama."

"Na pa kuweka chungu?"

Hakuelewa. Wale waliokibeba walikuwa wamechoka, wakakishusha palepale ujiani. Chungu kikainama. Wakakiinua, wakakijaribu upande mwingine, kikainama tena. Tumbo la mviringo juu ya marumaru linakaaje? Mtu akakimbia kuleta ngata, wakakiketisha juu ya ngata, na ngata yenyewe ikateleza kwenye ule mng'ao, pombe ikamwagika kwenye viatu vya katekista. Révérien alichuchumaa upesi akakikumbatia kwa mikono miwili, kisianguke.

Na hapo, magoti yake yakiwa chini na tumbo la chungu kifuani, akakiona. Kitako chake kilikuwa kimevimba kwa nje vilevile kama kile kishimo kilivyobonyea kwa ndani. Aliona kiganja cha zege akilini mwake, na chungu kimekaa humo wima, hakitikisiki. Alitamani marumaru yale yapasuke yammeze.

"Yuko wapi yule binti aliyekipima?" mama yake aliuliza.

Leodgar, nyuma ya foleni, aliangalia chupa yake.

"Alikuja akaniuliza mchana ninakaa wapi," bibi Spès alisema. Hakupandisha sauti. "Nikamwambia, nakaa pale pembeni ya nyumba ambapo mzee wangu alikuwa anakaa na wenzake, chungu kiko kwenye kishimo chake, na yeye mwenyewe nimemlaza hatua mbili kutoka hapo ili asikie maongezi. Akapima kile kishimo. Nikamwambia usimwambie mwanangu, nataka nimwone uso wake siku hiyo. Kosa hilo ni langu." Akaegemea fimbo yake. "Mtu hajawahi kuniuliza ninakaa wapi. Wewe uliniuliza nataka marumaru ya rangi gani."

"Mama, nilidhani..."

"Najua ulidhani. Tangu mtoto unalala umeangalia mlango. Nilimwambia hata hilo, akuwekee kitanda vizuri."

Akaomba mrija. Akauchomeka, akanywa yeye kwanza, kama mila inavyotaka. Kisha akauelekeza ule mrija mdomoni kwa mwanawe aliyekuwa amepiga magoti.

"Nimeonja," alisema. "Unaona? Hakuna kitu. Wageni ndio huwa tunawaonjea, mwana wanje, mwanangu. Watoto wangu sijawahi kuwaonjea hata siku moja. Leo nimekuonjea wewe."

Révérien hakunywa. Ule mrija ulikaa mbele ya midomo yake, kisha mama akauondoa taratibu, akampa katekista.

Watu walikunywa kwa zamu, wameinama juu ya kichwa cha mwenye nyumba, wanasema hongera kwa sauti ndogo. Hawakukaa. Wangekaa wapi? Chumba cha mama kilifunguliwa, akakitazama akiwa mlangoni: kitanda kizuri, shuka mpya, na mbele ya mlango ukuta. Hakuingia.

"Nirudishe Litapunga," alimwambia Providence, si mwanawe.

"Mama, ngoja nikupeleke mimi," Révérien alisema kutoka chini.

"Wewe utaachaje chungu? Kinakuachia mikono?" Akamgusa utosini, mara moja tu. "Nakiachia hapa. Siku kikipata pa kukaa, nitakuja. Si kabla."

Aliisikia fimbo yake ikienda, tik, tik, mpaka getini. Gari likawaka. Wageni nao wakatawanyika haraka, kama watu wanavyotawanyika kwenye msiba ambao marehemu wake hakupendwa. Révérien akabaki amekaa kwenye ujia wa nyumba yake, miguu imetandazwa, chungu nusu kimejaa katikati ya mapaja, mikono miwili imekizunguka. Akikiachia kinaanguka. Akiinuka kinaanguka. Kufuli ilikuwa mkono mmoja kutoka kwake, na funguo zilikuwa mfukoni mwake, na hakuweza kuzifikia. Alilia. Alilia kwa sauti, mtu mzima na koti lake.

Ilipita muda ndipo akaita.

"Cletus!"

Mashine ya kunyolea ikazimwa kule mbele. Kinyozi alichungulia kwenye kona ya ujia, akasita.

"Njoo. Ingiza mkono hapa mfukoni. Wa kulia. Toa funguo."

"Mimi, bosi?"

"Kuna mwingine hapa?"

Cletus alichuchumaa akaingiza vidole kwa woga, kama anayetoa yai chini ya kuku mkali. Mnyororo ukafunguka, rundo likatoka.

"Huo mrefu, wa shaba. Fungua huo mlango."

Mlango wa chuma ukalia. Ndani palikuwa giza, pananuka saruji. Mwanga wa ujiani ukaingia mpaka katikati ya sakafu, na hapo palikuwa na duara, rangi yake imeiva zaidi kuliko sakafu iliyolizunguka, wala halikujificha. Benchi lilikuwa bado limezunguka, juu yake imepangwa mifuko ya saruji.

"Huku ndiko tungekuwa tunakula?" Cletus aliuliza.

"Huko. Namba ya yule binti unayo?"

"Ninayo, bosi. Wote tunayo."

"Mpigie. Niwekee sikioni."

Simu iliita kwa muda mrefu. Jeniffer alipopokea akidhani ni kinyozi, alikuwa anacheka kitu na watu wa kwao, na nyuma yake mtu alikuwa anatwanga.

"Binti," Révérien alisema. "Ni mimi. Kina cha kile kishimo kilikuwa kiasi gani?"

Kicheko kikakatika. Kinu kikaendelea. Révérien alingoja huku jasho likimdondokea puani na hana mkono wa kulifuta.

"Chungu kiko hapo?" Jeniffer aliuliza mwishowe.

"Nimekishika."

"Basi kishike hivyohivyo, mzee. Usikiegemeze ukutani, kitapata ufa. Nitakuja Jumatatu." Hakusema zaidi, akakata.

Cletus alirudisha simu mfukoni. Aliangalia funguo mkononi mwake, akamnyooshea mwenye nyumba, kisha akakumbuka kwamba hana mkono wa kuzipokelea. Akaketi chini, ng'ambo ya chungu, akakishika kwa upande wake ili Révérien apumzishe bega. Mirija ilikuwa bado imo. Cletus aliitazama, akatazama pembeni kwa adabu.

"Mimi sijanywa, bosi. Foleni ilikuwa ndefu."

Akanyoosha shingo kuufuata mrija.

"Subiri," Révérien alisema.

Akainama, akanywa yeye kwanza, akameza huku Cletus anamwona. Kisha akaugeuza mrija.

"Sasa kunywa," alisema.